Joto Lisilo Homa

Mwanamke wa miaka 48 anaamka usiku wa manane, gauni la kulalia limelowa jasho. Asubuhi anapima malaria: hana. Wiki ya pili anapima tena: hana. Wapo wanaoishia kumeza dawa ya mseto bure kabla hawajaulizwa hedhi yao ya mwisho waliipata lini.

Katika umri wa mwanamke huyo, ovari zikipunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, ubongo huamuru mwili upoozwe: mishipa ya ngozi hupanuka, uso na shingo huwaka, jasho humwagika, kisha baridi huingia. Yote hayo huchukua dakika chache, na kipimajoto hakionyeshi homa.

Kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kushika, kwa hiyo asiyetaka mtoto asiache uzazi wa mpango.

Joto hupungua makali kwa nguo za pamba na kwa kupunguza pombe au pilipili, ikiwa vitu hivyo hulichochea. Likizidi, zipo dawa za homoni. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu dawa hizo, ambao sehemu yake ilisitishwa mwaka 2002, uliwatia watu hofu, lakini wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, faida kwa kawaida huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu amweleze daktari kwanza.

Linaloniuma zaidi ni ukavu ukeni. Somo humfunda mwari. Mama wa miaka hamsini anafundwa na nani? Tendo la ndoa linauma, anajitenga, mume anadhani hatakiwi tena, na nyumba inanuna kwa jambo lenye tiba: vilainishi vya dukani, au krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Dada, mwambie mumeo, na daktari pia.

Mifupa nayo hudhoofika kimyakimya. Kula dagaa, kunywa maziwa, tembea kwa kasi.

Na ukiona damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, usidhani ujana umerudi. Nenda hospitali ukachunguzwe saratani mapema.