Baada ya "kuliko" kuna nini? Ulinganishi katika mitihani ya Kiingereza

Mitihani ya sarufi ya Kiingereza, kama SAT na GMAT za Marekani kabla ya mabadiliko ya 2023–2024, ilizoea kutega kwa sentensi ya namna hii: "The climate of Bukavu is cooler than Kinshasa." Maana inaeleweka, lakini sentensi ina kosa, kwa kuwa inalinganisha hali ya hewa na mji. Vinavyolinganishwa lazima viwe vya aina moja: "than that of Kinshasa".

Wenzangu wengi hukariri kanuni hii kama jambo geni. Kwa maoni yangu, tunayo tayari. Kifaransa chetu cha shuleni kinadai "celui de", na Kiswahili kinadai a-unganifu: "Hali ya hewa ya Bukavu ni baridi zaidi kuliko ya Kinshasa." Hiyo "ya" ya pili inashika nafasi ya "hali ya hewa", kama vile "that of" inavyoshika nafasi ya "climate".

Kwa hiyo, ukiwa mbele ya swali, tafsiri sentensi kwa Kiswahili sanifu, kisha uulize ni kiungo gani kinachohitajika. Tuseme umepewa: "Like Achebe, the novels of Ngũgĩ describe colonial rule." Kwa Kiswahili: "Kama za Achebe, riwaya za Ngũgĩ zinaeleza utawala wa kikoloni." Tumepata "za", yaani wingi, basi jibu ni "Like those of Achebe".

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, Kiswahili cha mitaani Lubumbashi hutumia "ya" kwa kila ngeli: "watu ya", "vitabu ya". Hapo alama ya umoja na wingi inapotea. Pili, ngeli zetu hazilingani daima na Kiingereza: tunasema "habari za", lakini "information" ni umoja, hivyo inachukua "that of". Kiswahili kinakuonyesha pengo lilipo. Nomino ya Kiingereza ndiyo inayoamua umoja au wingi.

Mtego mwingine ni huu: "The Congo is deeper than any river in Africa." Mto Kongo nao uko Afrika, kwa hiyo sentensi inaufanya uwe na kina kuliko wenyewe. Kiswahili kinasema "kuliko mto mwingine wowote". Kiingereza nacho kinataka "any other river".