Unaponunua gari ndogo ya mbio, pima injini ingali baridi

Ndugu mfanyakazi, vijana wengi wa kazi yetu wakisha kuweka akiba hawataki tena pikipiki. Wanatafuta gari ndogo yenye nguvu: Toyota Starlet ile ya turbo, au Corolla Runx ya alama Z. Hatuwakatazi. Lakini magari hayo yametoka Japani yakiwa yametumika, na mwenye kununua injini ya mbio mara nyingi amepita wa kwanza akiikimbiza. Ikikufia mkononi, pesa za shule ya watoto zinakwenda gareji.

Mwambie mwuzaji, au komisioneri wake, asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya injini. Ukikuta joto, rudi nyumbani, utakuja kesho. Mgonjwa akimeza dawa ya homa kabla ya kuja kwetu dispansari, tunapima na kukuta ni mzima. Injini iliyopashwa moto nayo inaficha kelele na moshi wake vilevile.

Fungua kifuniko cha mafuta. Ukiona povu la rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yanaweza kuwa yameingia katika mafuta. Fundi ahakikishe kabla hujatoa hata dola moja. Rejeta nayo ifunguliwe ikiwa baridi tu. Hapa Goma tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Ndani ya rejeta yamefungiwa, yanapanda joto kuliko hapo, na ukifungua yanaruka usoni. Kuungua kwa namna hiyo kunaharibu macho.

Sasa washa, mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa buluu ni mafuta yanayoungua: segmenti za pistoni zimekwisha, au mpira wa vali, au turbo yenyewe. Iache ingurume polepole dakika kadhaa, kisha ukanyage. Turbo iliyochoka hutoa wingu hapo. Moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikipata joto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta. Mweusi ni esansi nyingi, na huo mara nyingi unatengenezeka.

Runx Z ina injini ya 2ZZ. Ikishapata joto, ikifika mizunguko 6,000 hivi kwa dakika inabadili sauti na kuvuta kwa nguvu mpya. Isipobadili, mafuta ni machache au vipande vya juu vya injini vimelika. Jaribio hilo afanye fundi, kwa gia ya kwanza, penye barabara tupu. Siyo mbele ya soko! Starlet ina mkanda wa ndani, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Usipoonyeshwa karatasi, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Mwite fundi wako, siyo wa mwuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda. Kwa urefu wa mji wetu hewa ni nyepesi, basi namba zitakuwa chini kidogo ya zile za kitabu, hata injini ikiwa nzima. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi bari moja, acha gari hiyo.

Lala chini uangalie karteri. Gari hizi ziko karibu na ardhi, na mawe ya lava ya barabara zetu, tangu volkano ya 2002 na ile ya 2021, hayasamehe. Karteri iliyochomelewa maana yake pengine injini ilikwisha kutembea bila mafuta. Filtri ya hewa ikijaa vumbi jeusi, uliza imebadilishwa lini. Na injini hizi hazivumilii esansi iliyochanganywa. Ukizoea kununua kwa akina kadhafi, fikiri tena.

Neno moja kwa wa nyumbani. Usipime injini inayounguruma ndani ya hangari iliyofungwa, wala karibu na chumba wanapolala watoto. Moshi una gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya hewa safi katika damu. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au akitapika, zima injini, mtoe nje penye upepo, umlete dispansari siku ileile.