Rangi Niliyoiandika Bila Kuiona



Likizo iliyopita, nyumbani Nyalikungu, wilayani Maswa, mdogo wangu wa kidato cha tatu aliniuliza: "Kaka, jaribio la protini linatoa rangi gani?" Nikamjibu, "Zambarau." Akaandika, akafunga daftari. Baadaye nilijuta. Nilimpa jibu bila jaribio.

Tuanze na seli. Bandua utando mwembamba wa ndani ya kitunguu, uutandaze kwenye kioo pamoja na tone la maji na tone la iodini. Ukiutazama kwa hadubini utaona vyumba vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja na ukuta wake, na ndani yake doa lililokolea, ndicho kiini. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza aliona vyumba vya namna hiyo katika gome la mti linalotengenezewa vizibo. Akaviita kwa neno linalotokana na Kilatini cella, chumba kidogo, neno lililotumika pia kwa vyumba vya wamonaki.

Ndani ya seli zimo protini. Nyingine huujenga mwili, nyingine ni vimeng'enya vinavyoharakisha kazi za seli. Hadubini ya shule haiwezi kuzionyesha kwa kuwa ni ndogo mno, hivyo tunazitambua kwa rangi. Twanga karanga, changanya na maji, chuja. Weka mililita 2 za maji hayo kwenye mrija, ongeza mililita 2 za sodiamu haidroksaidi (mwalimu awepo, maana huunguza ngozi), kisha kopa salfeti ya asilimia 1, tone baada ya tone, huku ukitikisa. Shaba iliyomo hushikamana na viungo vya mnyororo wa protini, na rangi hugeuka zambarau. Fanya vivyo hivyo kwa maji matupu katika mrija wa pili. Huo hauwi zambarau, hubaki buluu, na ndio wa kulinganishia.

Nilipokuwa sekondari nilimimina kopa salfeti nyingi kupita kiasi. Buluu yake ikaifunika zambarau. Hata hivyo niliandika "zambarau", nikapewa alama zote. Karanga zina protini kweli, kwa hiyo jibu lilikuwa sahihi. Lakini niliulizwa nilichokiona, na ushahidi wangu ulikuwa wa uongo. Ningeandika "buluu", mwalimu angeniuliza nilitia matone mangapi, nami ningejifunza.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba maarifa yetu huanzia kwenye milango ya fahamu. Anayeandika kabla ya kutazama ameuruka mlango huo, hata kama ameangukia kwenye jibu sahihi.

Kabla sijaondoka nilimwomba mdogo wangu afute lile neno. Nafasi ibaki wazi mpaka siku ya maabara.