Tangazo likisema giaboksi imebadilishwa: Namna ya kupima Subaru WRX kabla ya kulipa

Pitia matangazo ya Subaru Impreza WRX zinazouzwa Nairobi na utakuta mengi yana mstari unaosema giaboksi imebadilishwa. Muuzaji anauweka kama sifa, mnunuzi anausoma kwa wasiwasi. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na anayetaka kulipa kwa akiba yake au mkopo wa sacco inabidi ajue tofauti kabla pesa haijatoka.

WRX nyingi zinazotafutwa na vijana ni za kizazi cha pili, zilizotengenezwa kati ya 2000 na 2007. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zote zilizopo barabarani ziliingia zamani na zimepita mikono mingi. Baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya watu waliokua wakisikia jinsi Colin McRae alivyoshinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, nao wakataka kumuiga kwenye barabara kuu. Kupata WRX ambayo giaboksi yake haijawahi kuguswa ni kazi ngumu. Na ukiipata, huenda wewe ndiye utakayelipia kuvunjika kwake.

Ilivunjika kwa nini?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya kuuliza jina la fundi. WRX ya Japani ya miaka hiyo ina injini ya lita 2.0 yenye turbo na nguvu farasi zipatazo 250, nyuma yake kuna giaboksi ya gia 5. Nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu mawili, dereva akikanyaga mafuta na kuachia klachi ghafla, tairi huteleza na mshtuko unaishia kwenye lami. Subaru ina matairi manne yaliyoshika ardhi. Hayatelezi kirahisi, kwa hiyo mshtuko unarudi kwenye meno ya gia.

Giaboksi iliyofunguliwa kwa sababu beringi au sinkro zimechoka baada ya kilomita nyingi ni gari lililozeeka tu. Iliyovunjika meno ni habari nyingine. Uliza pia kama injini imeongezwa nguvu. Ekzosi kubwa, geji ya turbo kwenye dashibodi na klachi nzito kama ya lori ni dalili. Kama nguvu bado iko juu na giaboksi iliyofungwa ni ileile ya gia 5, kilichoivunja ya kwanza bado kipo ndani ya gari. Baadhi ya wenye magari huamua kufunga giaboksi ya gia 6 ya WRX STI, ambayo ni imara zaidi, lakini hiyo inatakiwa iende pamoja na difu ya nyuma na propela yake. Ikiwa imefungwa yenyewe tu, uliza maswali mengi.

Ilitoka wapi?

Giaboksi nyingi "mpya" si mpya. Ni zile zilizotolewa kwenye magari Japani na kuuzwa Kirinyaga Road, au Gerezani kwa walio Dar es Salaam. Hakuna ubaya katika hilo. Tatizo ni kwamba giaboksi za Impreza, Forester na Legacy zinafanana sana kwa nje na nyingi zinaingia bila shida, ila ndani hazilingani.

Difu ya mbele ya Subaru imo ndani ya giaboksi hiyohiyo, na ina uwiano wake: nyingine 3.900, nyingine 4.111, nyingine 4.444. Difu ya nyuma lazima iendane nayo. Fundi akifunga giaboksi ya Forester akaacha difu ya nyuma ya zamani yenye uwiano tofauti, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo usiolingana. Anayebeba ugomvi huo ni difu ya kati. Ndani yake kuna kifaa chenye majimaji mazito, kilichotengenezwa kuvumilia tofauti ndogo za muda mfupi kama kwenye kona. Tofauti ikiwa ya kudumu kinapata moto, kinaganda, kisha kinakufa. Siku ya kwanza gari linaweza kutembea vizuri kabisa, na hapo ndipo wengi hulizwa.

Namna ya kuhakikisha ipo. Juu ya kasha la giaboksi ya manyuo, karibu na inapoungana na injini, kuna msimbo unaoanza na herufi TY. Piga picha, kisha utafute mtandaoni msimbo huo ni wa gari gani. Kwa nyuma, fundi ananyanyua gari, anazungusha magurudumu yote mawili ya nyuma pamoja mara moja, huku akihesabu propela imezunguka mara ngapi. Namba hiyo inalinganishwa na ile inayotakiwa na msimbo. Ni kazi ya dakika chache.

Difu ya kati inaweza pia kuuawa na vitu vinavyoonekana vidogo. Matairi manne yanatakiwa yalingane mzingo, tofauti isizidi takriban milimita 6. Hiyo ni sawa na milimita 1 hivi ya kina cha kashata, kwa hiyo tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochoka linatosha kuleta balaa. Ukikuta WRX ina matairi ya kampuni tatu tofauti, tayari umejua mwenyewe alivyokuwa akiitunza. Kuvutwa na bredauni huku magurudumu mawili yakizunguka chini nako kunaharibu. Gari hili hubebwa lote.

Barabarani

Fika injini ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe, maana oili ikishapata moto kelele nyingi hujificha. Liache bila gia, sikiliza, kisha kanyaga klachi. Mngurumo ukipotea unapokanyaga, shuku beringi ya giaboksi.

Ukiwa unaendesha, shusha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili bila haraka. Kukwaruza ni sinkro. Gia inayoruka yenyewe ukiachia mafuta ni kazi kubwa, na mlio wa kuvuma unaotokea kwenye gia moja tu unaonyesha gia hiyo imeliwa. Kupima klachi, nenda kilomita 60 kwa saa ukiwa gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza.

Kisha tafuta uwanja wa wazi, kata usukani wote na uzunguke polepole, kulia na kushoto. Sauti ya ka-ka-ka ni sivi jointi, jambo la kawaida na la bei ya kuvumilika. Gari likikataa, likarukaruka kama limeshikwa breki, hiyo ni difu ya kati.

Mwisho ni oili. Giaboksi hii inachukua lita 3.5 hivi, nayo ndiyo hiyohiyo inayolainisha difu ya mbele, kwa hiyo vyuma vilivyovunjika kwenye gia hufika kwenye difu. Plagi ya chini ina sumaku. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, hasa kwenye giaboksi inayosemekana imebadilishwa mwaka huu.

Makaratasi

Logibuku ya Kenya, kama kadi ya gari ya Tanzania, ina namba ya chesisi na ya injini. Namba ya giaboksi haimo. Ukiangalia gari kwenye mfumo wa NTSA utamjua mmiliki, lakini hutajua kilichofungwa chini yake. Ushahidi pekee ni risiti ya spea, risiti ya gereji na tarehe, na ikiwezekana namba ya simu ya fundi mwenyewe. Fundi aliyefanya kazi nzuri atakueleza bila kusita alichokuta ndani na alichobadilisha pamoja na giaboksi, kwa mfano klachi, beringi yake na sili ya mafuta nyuma ya injini. Kufungua giaboksi na kurudisha klachi kuukuu ni kubana matumizi mahali pabaya.

WRX yenye risiti zote, msimbo unaolingana na matairi manne ya aina moja inastahili kulipiwa zaidi kuliko ile ambayo muuzaji anaapa haijawahi kufunguliwa. Kama unalipa rubuni kwanza, muandikishane kwamba itarudishwa iwapo plagi itatoka na vipande vya chuma, na plagi hiyo ifunguliwe na fundi uliyekuja naye wewe.