Urefu wa Lango la Keokuk

Juu ya mji wa Keokuk, jimboni Iowa, Mto Mississippi ulikuwa ukipita kwa kasi juu ya mwamba kwa takriban kilomita 18. Maji yakipungua, boti za mvuke zililazimika kupunguza shehena ili zisikwaruze. Mwaka 1837 jeshi la Marekani lilimtuma Luteni Robert E. Lee, yule aliyekuja kuwa jenerali wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, apime mahali hapo na kulipua miamba. Hakuimaliza kazi. Mfereji wa kando wenye malango matatu ulifunguliwa mwaka 1877, na mwaka 1913 ukazama pamoja na mwamba wenyewe, bwawa la umeme la mhandisi Hugh Cooper lilipokamilika. Kampuni iliyojenga bwawa hilo iliruhusiwa kuuza umeme, nayo ikajenga lango la kupitishia vyombo na kulikabidhi kwa serikali. Naona yalikuwa mapatano ya haki, maana mto ni wa umma.

Lango lenyewe ni chumba cha zege chenye milango huku na huku. Chombo kinachopanda mto huingia, milango ya nyuma hufungwa, kisha vali hufunguliwa na maji ya juu kuteremka yenyewe hadi chumbani. Hakuna pampu hata moja. Milango ya chini ina mbawa mbili zinazokutana kwa pembe, ncha ikielekea maji ya juu. Kadiri maji yanavyosukuma ndivyo zinavyobanana. Chombo hupanda kama mita 11.6.

Kinachowaumiza vichwa wasafirishaji wa mahindi na soya ni urefu. Boti moja husukuma matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu: karibu mita 300 bila kuhesabu boti. Tangu mwaka 1957 Keokuk ina chumba cha mita 366, na msafara mzima hupita mara moja. Malango jirani, juu na chini ya mto, yana vyumba vya mita 183. Huko mabaharia hufungua nyaya, matishari tisa hutangulia na kuvutwa nje kwa winchi, maji ya chumba hurudishwa kimo cha mwanzo bila chombo ndani, ndipo sita yaliyobaki yaingie na boti. Kisha nyaya zifungwe upya, huku misafara mingine ikisubiri. Mwaka 2022 serikali ilitenga fedha za chumba kirefu kwenye Lango Namba 25, karibu na Winfield, Missouri.