Waya Uliopata Moto Kabla ya Futari

Ramadhani iliyopita, hapa kwetu Ukunda, adhana ya Magharibi ikikaribia, tulinusa harufu ya plastiki inayoungua. Waya wa ekstensheni tulioupitisha chini ya mkeka ulikuwa haushikiki kwa moto. Birika la umeme, pasi na jokofu vyote tulivichomeka humo, na kosa ni letu wenyewe. Paa la jiko letu ni la makuti. Tulizima swichi kubwa, tukafungua saumu kwa tende na maji. Ndipo kijana wetu alipouliza: "Baba, umeme unapita tu mle kwenye waya. Mbona waya unapata moto?"

Swali hilo lilitupeleka vitabuni.

Ndani ya shaba, atomu zimejipanga safu kwa safu mfano wa waumini msikitini. Kila atomu huachilia takriban elektroni moja, nayo hurandaranda kwa kasi ya kilomita 1,600 hivi kwa sekunde, huku na huko, pasi na kufika popote. Birika linapowashwa, elektroni husukumwa upande mmoja. Hapo ndipo penye ajabu: katika waya wa kawaida wa nyumbani, mwendo huo wa kusukumwa ni kama nusu milimita kwa sekunde. Konokono anazishinda! Kwa mwendo huo, safari ya kutoka Ukunda hadi Msambweni ingechukua zaidi ya mwaka. Tena umeme wetu hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo elektroni hazisafiri hata kidogo. Hutikisika papo hapo. Taa huwaka mara moja kwa sababu msukumo ndio unaokimbia, kama mpira wa maji uliokwisha kujaa: ukifungua bomba huku, maji hutoka kule.

Kinachozichelewesha ni kugongana. Mwaka 1900 mwanachuoni wa Kijerumani, Paul Drude, alieleza kuwa elektroni hujigonga kwenye atomu zilizo njiani. Waliomfuata walimsahihisha: safu ikinyooka na kutulia, elektroni hupenya. Kinachozizuia ni uchafu ndani ya madini, na mtetemo wa atomu zenyewe kwa joto. Katika shaba, elektroni moja hugongwa mara trilioni 40 hivi kwa sekunde, na kila mgongano huiachia atomu nguvu kidogo. Huo ndio moto wa waya.

Katika pasi tunautaka. Koili yake ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, wenye ukinzani wa mara 60 hivi kuliko shaba. Katika waya ni balaa, maana umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Shaba iliyopata moto nayo hutetemeka zaidi na kuzuia zaidi, na mkeka hulifungia joto lisitoke. Nasi wa Diani na Msambweni tuna hewa ya chumvi, inayokula viungo vya plagi hadi vikaota kutu ya kijani. Umeme hubaki na upenyo mwembamba wa kupitia.

Fundi alipoipasua ekstensheni yetu, alikuta nyuzi za shaba chache na nyembamba, nusu yake zimekatika. Birika sasa lina soketi yake ukutani. Mkeka tumeurudisha barazani, na kila jioni kijana wetu huipapasa plagi kwa mgongo wa mkono kabla hatujatia maji ya chai.