Sabufa mbili zisizofanana, sebule moja

Ukiingia sebule za Haneti, kama zilivyo za Chamwino na Dodoma mjini, si ajabu kukuta sabufa mbili. Moja ni ya zamani, ndogo, bado nzima. Ya pili ni mpya na kubwa zaidi, imeletwa nyumbani baada ya alizeti kuuzwa. Hakuna anayetupa kitu kizima, basi mwenye nyumba anaziwasha pamoja akitegemea besi mara mbili. Mara nyingi anachopata ni besi inayokita mlangoni na uani, lakini kwenye kochi, mahali anapokaa yeye, imepungua kuliko ilipokuwa sabufa moja. Jibu analopewa karibu kila mahali ni kwamba chapa tofauti haziendani. Sikubaliani na jibu hilo. Ziwe Sea Piano, Sundar au Aborder, hewa ya sebuleni haijui jina lililoandikwa kwenye boksi. Kinachoziharibia kazi sabufa mbili ni muda: moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta.

Besi tunayoizungumzia iko kati ya hezi 30 na 120 hivi. Kwenye hezi 50, karatasi ya spika huenda mbele na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Sabufa mbili zenye nguvu sawa zikisukuma kwa pamoja, sauti hupanda kwa desibeli 6. Moja ikichelewa milisekunde 5, faida hushuka hadi desibeli 3. Ikichelewa karibu milisekunde 7, faida huisha kabisa. Umewasha mashine ya pili bila kupata chochote. Ikichelewa milisekunde 10 zinafutana. Ni kama watu wawili walioitwa kukwamua gari, mmoja anasukuma nyuma na mwenzake anasukuma mbele: wote wanatoka jasho, gari halisogei.

Ucheleweshaji huu unatoka wapi? Kwanza kwenye boksi lenyewe, na hapa inafaa tukae kidogo. Sabufa nyingi za madukani kwetu zina tundu la hewa. Tundu hilo si pambo, wala halikuwekwa ili spika ipumue tu. Hewa iliyomo ndani yake ina mlio wake wa asili, unaotegemea urefu wa tundu na ukubwa wa boksi. Kwenye mlio huo karatasi ya spika hutikisika kidogo sana, na tundu ndilo linalofanya kazi. Chini ya mlio huo, hewa ya tundu na karatasi huanza kupingana, na sauti huporomoka kwa kasi, takribani desibeli 24 kila masafa yanapopungua nusu. Boksi lililozibwa kabisa hushuka taratibu zaidi, kama desibeli 12. Sasa chukua boksi dogo ambalo tundu lake limepangwa hezi 60, uliweke na kubwa lililopangwa hezi 40. Juu ya hezi 80 yanaelewana vizuri. Katikati ya 40 na 60, dogo limeshapita kwenye mlio wake na kubwa bado, kwa hiyo hayasukumi tena pamoja. Ndiyo maana ngoma ya juu inasikika imeshiba, kisha gitaa la besi likishuka noti mbili tatu, linapotea.

Chanzo cha pili ni Bluetooth. Kila kipokezi kina ucheleweshaji wake, na aghalabu huhesabiwa kwa makumi au mamia ya milisekunde. Sabufa mbili zikipokea wimbo kila moja kwa Bluetooth yake, ni bahati tu ikitokea zikalingana. Kwenye singeli, ambayo mapigo yake hufika 200 na zaidi kwa dakika, pigo hadi pigo ni chini ya theluthi moja ya sekunde, hivyo kuchelewa kidogo tu kunazaa ngoma ya ziada ambayo aliyetengeneza wimbo hakuipiga. Tumia waya: chanzo kimoja, waya wa RCA wenye matawi mawili, kila sabufa tawi lake.

Baada ya hapo ndipo chumba kinapoingia, nacho kina nguvu kuliko chapa zote. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina milio yake inayovuma yenyewe: karibu hezi 43 kwa upande wa mita 4 na hezi 34 kwa ule wa mita 5. Katikati ya chumba, mahali ambapo wengi huweka kochi, milio hiyo hufifia. Kwenye kuta na pembeni hujaa. Kuta za matofali ya kuchoma na sakafu ya saruji huirudisha besi karibu yote, ila bati lisilo na dari ni jepesi, huiachia itoke na lenyewe hutetemeka. Tembe la Kigogo, lenye kuta nene na paa zito la udongo, huishikilia besi ndani zaidi. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman, Marekani, alichapisha utafiti juu ya idadi ya sabufa zinazotosha chumba cha pembe nne. Aliona kwamba mbili zikiwekwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana, watu waliokaa sehemu mbalimbali hupata besi inayokaribiana zaidi. Kwa hiyo sabufa ya pili ina faida hata isipoongeza nguvu: inajaza mahali ambapo ya kwanza haifiki.

Kwa sabufa zisizolingana, mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Kubwa ikae mbele, karibu na televisheni. Ndogo ikae nyuma au ubavuni mwa kochi, kwa sababu ikiwa karibu na sikio haihitaji kulazimishwa. Vispika vidogo vilivyokuja na sabufa ndogo vichomolewe, kwani sauti za waimbaji zikitoka pande nne huvurugika. Kisha pakua kwenye simu programu ya kutoa milio, kaa kwenye kochi, piga hezi 40, 50, 63 na 80 kwa sauti ya wastani. Kwa kila mlio sikiliza kubwa peke yake, halafu washa ndogo. Mlio ukipungua, sogeza ndogo nusu mita na urudie. Ukiendelea kupungua, geuza nyaya mbili zinazoingia kwenye spika ya sabufa ndogo, chanya ikae mahali pa hasi. Kazi hii ifanyike plagi ikiwa imetolewa ukutani na kapasita zimepewa dakika kadhaa za kuisha umeme. Kama hujazoea kufungua boksi, mpe fundi redio.

Mwisho wa zoezi usipime kwa singeli peke yake, kwa kuwa ngoma yake imetengenezwa kwenye kompyuta na hujui asili yake ilikuwaje. Watu wa Ugogoni wana kipimo bora. Anayeijua ngoma ya muheme kwa kuisikia mbele yake, mikononi mwa akina mama wanaoipiga, anajua mlio wake unaanzia wapi na unakatika vipi. Rekodi yake ikivuma na kuburuza mkia, sabufa ndogo imefunguliwa kupita uwezo wake. Ipunguze hiyo, kubwa iache.

Jambo moja nalikataza kabisa: kuchukua spika ya sabufa ya zamani na kuiunga sambamba kwenye amplifaya ya mpya. Spika mbili za ohm 4 zikiungwa hivyo huwa ohm 2, na amplifaya hulazimika kutoa mkondo ambao haikuundwa kuutoa. Aisi ya TDA2030, ambayo mafundi wanaifahamu sana, hutoa kama wati 14 kwenye ohm 4, hata kama kwenye katoni pameandikwa maelfu ya wati za PMPO. Namba hizo za katoni zisikupe moyo wa kuongeza mzigo. Kila spika ibaki na amplifaya yake, na amplifaya mbili zisiunganishwe kamwe upande wa kutolea sauti.

Na kama umesogeza, umegeuza nyaya, umepunguza, na hezi 40 au 50 bado inashuka kila unapowasha ndogo, basi maboksi hayo yametofautiana mno kwa chumba hicho. Ihamishie ndogo kwenye redio ya chumbani, kubwa ibaki sebuleni peke yake.